Majina ya Walio Njiani

Ofisi ya Elimu, Chumba cha Takwimu
4 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, kaka yangu fundi seremala, na binti yetu. Mimi sijambo, ila mgongo. Kiti walichonipa hapa ofisini kimevunjika mguu mmoja, nimekiegemeza juu ya rundo la fomu za zamani. Mwambie kaka, kabla hajaanza utani wake, kwamba nikingoja kiti alichoniahidi nitastaafu nimesimama.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Simu yako huwa anaipokea yeye kwanza, na mambo ya maana yakifika mikononi mwake yanageuka kichekesho. Hili nataka ulisome mwenyewe, ukiwa umekaa.

Mezani kwangu kuna orodha ya shule zote. Kuanzia mwaka ujao, shule yoyote ya umma yenye wanafunzi chini ya mia tatu itafungwa, na watoto watapelekwa shule kubwa iliyo karibu. Kwenu hapo karibu maana yake ni ile ya barabara kuu, kilomita tisa, na mto katikati. Nilipoona jina la shule yako roho ilinipaa. Nikashusha kidole mpaka kwenye idadi: mia tatu arobaini na moja. Hapo ndipo nikapumua. Basi mmepona, na nimefurahi, ingawa sijui furaha yenyewe ni ya kikazi au ya kifamilia.

Niruhusu niseme la pili, na usininunie. Kila anayetoka huko anasema shule imeshuka. Wanasema tangu machimbo ya mawe yafunguliwe, watoto wa wachimbaji wamejaa madarasani, kila mmoja na lugha yake, wengine hata kushika penseli hawajui, na watu wa mjini wamewahamishia watoto wao kwenye ile shule ya kulipia yenye geti la bluu. Matokeo yenu ya mtihani ninayo hapa, nimeyachapa kwa mkono wangu. Ni wa tatu kutoka mkiani. Wewe ni mwalimu mkuu, huwezi kukimbia. Lakini binti yetu ana kosa gani? Yuko darasa la tatu, bado mdogo. Mhamisheni. Mimi shangazi yake niko tayari akae kwangu asome huku.

Fikirini. Nitakuja tuongee, nikipata nafasi.

Wifi yako
wa Takwimu


Nyumbani
12 Februari

Wifi wa Takwimu,

Barua yako nimeisoma nimekaa, kama ulivyoagiza, na mume wangu kasimama nyuma akiisoma juu ya bega langu. Kiti anasema kiko tayari tangu mwaka juzi, kinangoja mwenyewe aje akichukue. "Dada yangu anakuja tangu siku ya harusi yetu," anasema, "na sasa ni mwaka wa kumi na moja." Mimi simo, nimetumwa tu.

Watoto wa machimbo, ni kweli. Darasa la tatu nalifundisha mwenyewe, maana walimu hatutoshi. Wako arobaini na wanne. Tisa ni wa mjini. Waliobaki baba zao wanachimba mwamba na mama zao wanaponda kokoto, na majumbani mwao zinasemwa lugha sita. Mwamba ukiisha upande mmoja, familia zinapanda lori na kwenda kwenye machimbo mengine. Mwamba mpya ukifunguliwa, wanakuja wengine. Nikianza somo Jumatatu sina hakika nani atakuwepo Ijumaa kulimaliza.

Saa nne kamili king'ora hulia na baruti hulipuliwa huko mlimani. Miezi ya kwanza nilikuwa naruka kama panzi. Sasa darasa zima huinua penseli, husubiri mshindo upite na madirisha yanyamaze, halafu huendelea na neno lilelile walilokatia. Vumbi ndilo adui. Mara mbili kwa siku tunafuta madawati kwa kitambaa kibichi, na tunafuta kwa jedwali la saba: saba, futa, kumi na nne, futa. Njoo umuulize yeyote darasani kwangu saba mara nane, uone kama utamaliza kuuliza.

Yupo msichana tunamwita Kimya. Alikuja Oktoba, Kiswahili hata cha salamu hana. Siku ya somo la uzito nilileta mawe matano na mizani ya kuazima dukani. Kabla sijaweka jiwe la kwanza, Kimya alisimama akayapanga yote, zito mpaka jepesi, kwa macho tu. Mtoto wa mwenye duka, ambaye mizani ni ya baba yake, akabisha. Tukapima. Kimya hakukosea hata moja. Ikabidi mwenye duka mdogo amwombe amfundishe, na akamfundisha kwa mikono na nyusi, na mpaka wiki inakwisha nilikuwa na darasa zima linalokisia uzito kuliko mimi. Binti yako ndiye anayekaa naye dawati moja. Sasa anasalimia kwa lugha tatu, na baba yake anamkaripia kwa ya nne ili asielewe.

Unasema tumekuwa mkiani. Waliofanya mtihani Novemba walikuwa thelathini na wanane. Kumi na saba kati yao walifika baada ya Agosti. Mtihani ulipima miezi miwili, mitatu ya kazi yetu na miaka mingi ya kuhamahama. Hilo halina safu kwenye jedwali lako, na sikulaumu.

Kaka yako ametutengenezea madawati ya vimo viwili, kwa sababu mtoto wa darasa la tatu kwetu anaweza kuwa na miaka minane au kumi na mitatu, na hakuna mkubwa anayependa kukunja magoti mbele ya wadogo. Jioni hupita kuyatikisa moja moja, na likilia anabeba patasi. Hakuna aliyemwomba.

Binti hahami, wifi. Si kwa ukaidi. Anasoma vizuri, na anasoma na watu.

Wifi yako
wa Chaki


Ofisi ya Elimu, Chumba cha Takwimu
6 Machi

Mwalimu Mkuu,

Mkaguzi amerudi kutoka kwenu. Ripoti yake imewekwa mezani kwangu na bosi wangu, yule Mzee Miwani Miwili niliyewahi kukusimulia, mwenye miwani moja machoni na nyingine kipajini. Hajui kama wewe ni mke wa kaka yangu. Aliniambia, "Wewe ndiye makini kuliko wote humu, hakiki takwimu hizi." Nikakaa pale kama mwizi aliyekabidhiwa funguo.

Amehesabu vichwa: mia mbili sitini na nane. Majina kwenye daftari la mahudhurio: mia tatu arobaini na moja. Majina sabini na matatu hayana watu. Unajua hapa ofisini hao wanaitwaje. Wanafunzi hewa.

Na ningeomba iwe imeishia hapo. Nakunukulia: "Watoto wamefundishwa kuitikia majina ya wasiokuwepo. Mwalimu akiita jina, mtoto mwingine husimama na kujibu bila hata kusita." Bila hata kusita! Vitabu hugawiwa kwa idadi ya wanafunzi, na seti sabini na tatu hazipo stoo wala madarasani. Alipokuuliza ukamwambia vimeondoka. Vimeondoka na miguu gani? Kisha kuna daftari dogo la kijani ulilokataa kulifungua mbele yake.

Uliniandikia kurasa za mawe na mizani, ukaniacha nicheke peke yangu ofisini, na hili hukuligusa. Miaka kumi na moja najisifu humu ndani kwamba nina wifi mwalimu asiyeyumba. Siku hizi nikisikia neno shule nainamisha kichwa.

Uhakiki wangu unatakiwa mwisho wa mwezi. Ukibaki hivi, shule inaingia kwenye orodha ya kufungwa, na wewe unaingia mbele ya kamati. Niambie ukweli ungali na muda.

Karani wa Takwimu


Shuleni
10 Machi

Wifi,

Nitaendelea kukuita hivyo hata wewe ukiniita Mwalimu Mkuu.

Sijala kitabu hata kimoja. Vitabu viko mikononi mwa watoto. Watoto wapo. Hawako hapa.

Daftari la kijani siwezi kulifungua, si kwa mkaguzi wala kwako. Limeandikwa kila familia ilikoelekea. Mnyapara wa machimbo huwafuata wanaoondoka kabla ya mkataba kuisha. Mwaka juzi aliingia ofisini kwangu na karatasi yake, akakaa bila kukaribishwa, akataka kujua fulani na fulani wamehamia wapi. Nikamwambia sijui. Siku hiyo nilikwenda kuwaahidi kina mama kwamba kinachoandikwa humo hakitasomwa na mtu mwingine. Nikikupa wewe utakiweka kwenye faili, na faili lina macho mengi. Usiongope kazini kwako kwa ajili yangu. Andika ulichokiona.

Kimya ameondoka Jumatatu. Lori lilipita saa ya mapumziko, watoto wako uwanjani. Mama yake alishuka mbio, akamshika mkono, akanipungia. Niliwahi kumpa vitabu vyake na bahasha, basi. Binti yako amekataa kusogea katikati ya dawati. Anakaa pembeni kwake vilevile, nafasi ya mwenzake iko wazi.

Kaka yako sijamwambia habari ya ripoti. Nadhani ameshasikia, maana ameanza kutengeneza madawati mengine manne.

Wifi yako
wa Chaki


Ofisi ya Elimu, Chumba cha Takwimu
29 Machi

Wifi yangu, mke wa kaka yangu,

Naanza na kukuomba radhi, maana nikianza na habari nitasahau. Nisamehe. Sasa kaa.

Barua yako ilikuwa fupi na iliniudhi. Nilitaka ujitetee, wewe umeniletea mnyapara na lori. Lakini yale maneno, watoto wapo, hawako hapa, yalining'ang'ania kama mbegu kwenye jino. Kama wapo mahali, nikajiuliza, basi kuna shule imewapokea. Na shule ikimpokea mtoto katikati ya mwaka bila karatasi za uhamisho, mwalimu mkuu wake hujaza fomu. Na fomu ile hutumwa kwa nani? Kwangu.

Ile fomu ina nafasi saba za kujaza. Jedwali langu lina safu sita. Nafasi ya saba ni ya Maelezo, na tangu niingie chumba hiki sijawahi kuyachapa, kwa sababu hayana pa kukaa. Nachapa sita, naweka fomu pembeni. Zikizidi nazirundika. Wifi, rundo lililobeba kiti changu miaka yote hii ndilo lenyewe.

Nilikipindua kiti, nikavua viatu, nikakaa sakafuni.

Ya kwanza kuifungua: "Amekuja na vitabu vyote, vimepigwa muhuri wa shule aliyotoka, na bahasha yenye stempu. Tumeituma." Ya pili: "Anasoma kuliko tulivyomkadiria. Aliyemfundisha apongezwe." Hakuna aliyekupongeza, kwa sababu fomu niliikalia. Nyingine: "Amewafundisha wenzake kufuta madawati kwa jedwali la saba. Tunaomba ruhusa kuendelea." Wanaomba ruhusa! Miaka miwili wanangoja ruhusa.

Halafu ipo iliyofika wiki hii, haijawahi hata kukaliwa. Nainakili yote: "Msichana haongei sana. Ila asubuhi nikiita majina, nikifikia mtoto asiyekuwepo, yeye husimama na kusema kwa sauti: Yuko njiani. Wengine wameanza kumwiga. Ofisi itufahamishe kama huu ni ugonjwa."

Nilicheka mpaka katibu wa chumba cha pili akaja kuona kama hatimaye kiti kimeniangusha. Akanikuta nalia.

Siku tisa nimechambua makasha. Katika majina yako sabini na matatu nimepata sitini na tisa, kila mmoja kwenye shule yake, na wengi zaidi walioondoka kwenu miaka ya nyuma, ambao madarasa yao yameshamaliza shule. Kisha nikafungua ile shule kubwa ya barabara kuu, ambayo ndiyo ingewameza. Kwa miaka mitatu iliyopita wameandika watoro mia moja na kumi na wanane. Nimewatafuta. Hakuna kitabu, bahasha wala neno la mtu juu yao.

Jana nikaenda kwa Mzee Miwani Miwili. La kwanza nilimwambia wewe ni wifi yangu, asije akalisikia kwingine. La pili nikamwekea zile fomu mezani, kila moja nimeikunja juu ili mahali pasisomeke. Idadi ameiona, mahali hakupaona, na hakuniuliza. Alisoma karibu saa nzima. Akashusha miwani ya kipajini juu ya ile ya machoni, jambo ambalo sijawahi kuliona, akauliza, "Sasa hawa mia moja na kumi na wanane wako wapi?"

Lakini kuna swali amenirudishia, na hili sitaki unifiche. Kama ulijua hawapo, kwa nini Januari uliandika mia tatu arobaini na moja? Na hiyo yuko njiani ni kitu gani?

Wifi yako, aliyekalia pongezi zako,
wa Takwimu


Nyumbani
4 Aprili

Wifi yangu,

Nimeisoma barua yako kwa sauti, kaka yako hakutia utani mpaka mwisho, na huyo ni mtu asiyeweza kunyamaza hata akiwa na misumari mdomoni. Mwisho akasema, "Kumbe ametukalia." Halafu akatoka nje kupiga randa ubao ambao ulishanyooka.

Nikujibu la pili kwanza. Mwaka wangu wa kwanza kama mwalimu mkuu, mtoto akiondoka nilifanya wafanyavyo wote: wino mwekundu, mstari juu ya jina, na neno mtoro. Mmoja, msichana wa mnoa patasi wa machimbo, alirudi baada ya miezi miwili. Alisimama mbele ya meza yangu, daftari liko wazi, akalisoma kichwa chini miguu juu, akaona jina lake lilivyokatwa. Akaniuliza, "Mwalimu, nilikufa?"

Sikuweza kufundisha siku ile. Kesho yake nikaanza upya. Jina halikatwi. Anayeondoka anaondoka na vitabu vyake, vimepigwa muhuri, na bahasha yenye anwani yetu ambayo mwalimu mpya ataituma. Mpaka bahasha ifike, asubuhi nikiita jina lake, mwenzake wa dawati husimama na kujibu: yuko njiani. Siku bahasha ikifika tunapiga makofi, nasoma salamu, mahali sisomi, na kuanzia hapo mwenzake hujibu: amefika. Mkaguzi wako alisikia, akadhani nimewafunza uongo. Simlaumu. Alikuwa na haraka, na mimi sikumweleza, nikahofia swali la pili litakuwa la daftari.

Sasa la kwanza, na hapa sina pa kujificha. Fomu ya Januari iliuliza wanafunzi wangapi. Nilijua mnauliza walioketi. Nilikuwa nimeshasikia habari ya mia tatu. Katika wale sabini na watatu, hamsini na wanane walikuwa wameshafika kwingine, nimewapigia makofi kwa mikono hii. Nikawaandika wote. Nilijiambia ni watoto wangu, na ni kweli ni watoto wangu, lakini lile lilikuwa jibu la swali ambalo sikuulizwa. Nilidanganya, wifi. Mwambie bosi wako hivyo hivyo, usilipake rangi.

Ulikuta sitini na tisa. Wale wanne, wawili bahasha zao ninazo. Waliobaki ni mapacha wa mama mmoja mponda kokoto. Kwao hao mpaka leo darasa la pili linajibu yuko njiani.

Jambo moja la kukusaidia kwa wazee wa ofisini: Machi ndio mwezi wetu mtupu, mvua zinasimamisha machimbo. Kazi hurudi mwisho wa Mei. Hesabuni wakati huo, na ikiwa hatufiki, nitakabidhi funguo mwenyewe.

Wifi yako
wa Chaki


Ofisi ya Elimu, Chumba cha Takwimu
20 Aprili

Wifi,

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili rasmi. Moja ni barua yako ya onyo. Nimeichapa mwenyewe kwa sababu ndiyo kazi yangu, na vidole viligoma mara tatu. Itakaa kwenye faili lako mpaka ustaafu. Nyingine ni uamuzi: tarehe 2 Juni mkaguzi yuleyule atahesabu tena. Vikifika vichwa mia tatu, vilivyoketi, shule inabaki. Visipofika, inafungwa Desemba.

Mzee Miwani Miwili alipotia sahihi alinisukumia jedwali langu akasema, "Ongeza safu, basi." Nikamuuliza iitweje. Akakuna kipaji akasema niiandike wanavyosema wale watoto. Kwa hiyo sasa shule zote, hata ile ya barabara kuu, zitajaza safu inayoitwa Njiani, na atakayeiacha tupu ataulizwa.

Na nimeomba niambatane na mkaguzi. Mwambie kaka asicheke. Nakuja kweli.

Wifi yako
wa Takwimu


Ofisi ya Elimu, Chumba cha Takwimu
5 Juni

Wifi yangu,

Nimefika salama, na kiti kimefika salama. Nimekikalia sasa hivi. Hakitikisiki hata nikicheka.

Siku ile sikuweza kukwambia kitu, kwa sababu mkaguzi alikuwa karibu na machozi yalikuwa karibu zaidi. Acha niseme hapa.

Uliniweka dawati la nyuma, kwenye nafasi ya Kimya, kati ya binti yetu na yule mgeni aliyeletwa wiki hiyo, ambaye hakuondoa macho kwenye viatu vyangu. King'ora kilipolia nilikumbuka barua yako, nikajiandaa kabisa, na bado niliruka mimi peke yangu. Penseli arobaini na kitu zilikuwa juu, zimetulia, na watoto wananitazama kwa huruma. Binti yetu akanipapasa mkono. "Itaisha sasa hivi, Shangazi." Ikaisha, wakaandika.

Nimeingia madarasa mengi kwa ajili ya kazi hii. Nimeona yenye vioo na feni, na watoto ambao wote walianza pamoja na watamaliza pamoja. Sijaona mahali mtoto mwenye siku nne tu shuleni anaonyeshwa ukurasa na mwenzake kabla mwalimu hajasema. Sijaona mtoto wa mwenye duka akibeba kitambaa kibichi na kumfutia dawati mtoto wa mponda kokoto, halafu zamu ikabadilika, na hakuna aliyeona ajabu. Wewe unasema ni desturi tu ya darasa. Mimi nasema umejenga kitu kikubwa, wifi, na umekijenga na watu ambao kila mtu alikuwa anawahesabu kama hasara.

Mkaguzi alihesabu mara mbili. Nilikuwa nyuma yake, nahesabu naye. Mia tatu na sita. Ulimwona alivyofunga daftari? Njiani aliniambia kitu kimoja tu, kwamba safari ya kwanza alihesabu haraka mno.

Lile nililoandika Februari, kwamba mumhamishe binti, nalifuta. Kama unayo barua ile, itie jikoni.

Wifi yako
wa Takwimu


Nyumbani
9 Juni

Wifi wa Takwimu,

Barua yako ya Februari siichomi. Nimeiweka pamoja na ile ya onyo, siku nikijiona nimefika nizisome zote mbili.

Habari ni mbili. Bahasha ya mapacha ilikuja Ijumaa, imechanika pembe na kupita mikono mingi, ila imekuja. Darasa la pili walipiga makofi mpaka mwalimu wa darasa la tano akaja kugonga mlango.

Ya pili ni ya asubuhi ile uliyoondoka. Niliita majina kama kawaida. Nikafika kwa Kimya, binti yako akasimama akasema amefika. Nikamaliza, nikafunga daftari. Hawakufungua vitabu. Wananitazama. Mtoto wa mwenye duka akanyoosha mkono: "Mwalimu, hujamwita Shangazi." Nikawaambia Shangazi si mwanafunzi. Wakasema alikaa dawatini, na aliyekaa dawatini huandikwa. Na hilo wamelitoa kwangu.

Basi nikafungua daftari, nikaandika jina lako kwenye mstari wa mwisho, nikaliita.

Binti yako alikuwa anainuka, lakini aliwahiwa. Yule mgeni mliyekaa naye alikuwa ameshasimama, mikono imenyooka ubavuni. Tangu aletwe hajatamka neno la Kiswahili, hata la kuomba maji. Akatazama nafasi yako, akanitazama mimi, akasema waziwazi, kila mtu akasikia:

"Yuko njiani."

Kwa hiyo umo, wifi, na kwangu jina halikatwi.

Wifi yako
wa Chaki